Herufi Tano Nilizofumua

Mimi ni mshonaji wa Mususa, hapa Butembo, na katika kazi yangu kuna upande ambao hakuna anayenisifu kwa ajili yake, nao ni kufumua. Ukishona, kila mtu anaona. Ukifumua, unakaa mlangoni penye mwanga, unakata uzi mmoja mmoja kwa wembe, unavuta, unapuliza, na ukimaliza huna cha kumwonyesha mtu. Nimefumua magauni ya wanawake walionenepa, nimefumua sare za shule ili mkubwa amwachie mdogo wake. Sikuwahi kujuta, isipokuwa mara moja. Zilikuwa herufi tano tu, na nilizimaliza kabla sufuria ya maharagwe haijachemka.

Herufi hizo zilikuwa za Simone, mke wa Mwalimu Mukendi. Ni yeye ninayetaka kumsimulia. Lakini siwezi kumsimulia bila kujitaja, na nikijitaja sitajipaka sukari.

Walikuja Butembo mwaka wa themanini na sita. Serikali ilimtoa Mukendi Kananga, huko Kasai, ikamtuma aje kufundisha hesabu watoto wa Banande, watu wa huku kwetu. Simone alishuka kwenye lori akiwa na sinia moja, godoro moja na mimba ya miezi mitatu ambayo haikufika. Baba mkwe wangu, mzee Salomon, aliwaonea huruma. Alisema mwalimu wa wajukuu zake hawezi kuhangaika kutafuta nyumba, akawapimia kwa miguu yake kipande cha kiwanja chetu, upande wa bondeni, wajenge. Karatasi hakuna. Neno la mzee lilitosha, na mzee alipokufa neno likabaki likielea kati ya nyumba zetu mbili, bila mtu wa kulishika.

Kutoka mlango wangu hadi mlango wake ni hatua ishirini. Simone hakuwahi kubisha hodi kwangu. Aliingia tu, akafunua sufuria, akauliza nimepika nini. Fufu yetu ya muhogo mtupu aliicheka, akisema ni gundi ya kubandika matangazo. Yeye alichanganya unga wa mahindi, na mimi nikamwambia chake ni chakula cha kuku. Tulitaniana hivyo miaka na miaka. Kinande alikijua vizuri, mpaka wachuuzi wa sokoni wakadhani ni mtu wa Lubero. Mimi kwa upande wangu, katika miaka yote ile, nilijifunza neno moja tu la Kiluba, nalo ni salamu yao: moyo. Nilijiona nimefanya kazi kubwa.

Mwezi wa saba mwaka wa tisini na nane Mukendi alipata habari kwamba kaka yake amefia Kinshasa. Akapanda ndege na mfuko mdogo wa mkononi, akasema atarudi baada ya wiki mbili. Siku ya kumi na moja vita vikaanza upya, na nchi ikapasuka katikati. Kinshasa ikawa upande wake, sisi tukawa upande wetu, na katikati kukawa na watu wenye bunduki ambao majina ya vyama vyao yalibadilika haraka kuliko tulivyoweza kuyazoea. Barua haikupita. Simone alijaza karatasi za Msalaba Mwekundu mara nne, maneno machache ya familia, niko mzima, binti yetu Élodie ni mzima. Hakupata jibu hata moja. Hakujua kama mume wake yuko hai, wala hakujua kama mume wake anajua kwamba wao wako hai. Hilo la pili ndilo lililomla zaidi. Aliniambia hivyo mwenyewe, akichambua mboga: yeye angeweza kusubiri, lakini Mukendi ni mtu wa kuogopa, atakuwa ameshawazika mara mia kichwani mwake.

Mshahara wa mwalimu ukakauka pamoja na mwalimu. Mume wangu, Maliro, mwenye ulimi wake, alisema siku moja akicheka: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Simone alisikia. Kesho yake alikuja kuazima jembe langu, akaenda kulima shamba la watu huko nje ya mji, na hakulirudisha jembe mpaka lilipoisha makali. Maliro aliona haya, ingawa hakusema.

Wakati huo haukuwa mzuri kwa watu wa Kasai. Kila waasi walipogombana na Kinshasa, kuna aliyekumbuka kwamba Bakasai ni watu waliotumwa na serikali, basi ni macho ya serikali. Familia zao zilikuwa nyingi zamani, za walimu, za posta, za mahakama. Kufikia mwisho wa mwaka elfu mbili na mbili walibaki wanawake watano mjini kote. Walikutana Jumapili nyumbani kwa Simone, wakaimba kidogo kwa Kiluba, sauti za chini, madirisha yamefungwa. Nilizisikia nyimbo hizo nikiwa jikoni kwangu.

Ndipo likaja blanketi. Akina mama wa parokia walikubaliana kushona kitambaa kikubwa cha viraka, na kila kundi la wanawake wa Butembo, Beni na Lubero litoe kiraka chake. Wajumbe wa makanisa walikuwa wameahidiwa nafasi katika ndege ya Umoja wa Mataifa kutoka Beni. Wangekipeleka Kinshasa, kitundikwe mahali pa watu wengi tarehe nane ya mwezi wa tatu, siku ya wanawake, ili wale wa upande wa pili waone kwamba huku kuna watu. Tuliliita Bulangeti ya Inchi. Kila kundi liliruhusiwa kuweka picha au maneno, kwa lugha yake. Mimi nilipewa kazi ya kuunganisha, kwa sababu nina mashine na mashine yangu haikati uzi.

Na hili nilitaje, maana ndilo jema langu pekee katika hadithi hii: kamati iliwasahau Bakasai, na mimi ndiye niliyeikumbusha.

Nilipompa Simone habari, aliweka chini ungo wake.

"Mama Delphin, ile bulangeti itafika Kinshasa kweli?"

"Njo banavyosema."

"Na batu bataiangalia?"

"Bataitundika mbele ya batu yote."

Kisha akasema: "Basi Mukendi ataiona. Mutu ya Butembo mwenye kukwama kule, akisikia hata gunia ya maharagi ya Butembo imefika, ataenda kuigusa. Hii itakuwa barua yangu."

Alikata kiraka kutoka koti la kufundishia la mume wake, la tergali ya kahawia, kitambaa kile kigumu cha suti, upande wenye mfuko wa chaki. Mfuko ule ulikuwa umeingiwa na unga mweupe ambao haukutoka hata kwa sabuni, na Mukendi mwenyewe aliwahi kuushona upya kwa uzi wa bluu, kazi mbaya kabisa ambayo tulimcheka wote. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye mfuko kama ule. Wale wanawake watano wakakaa Jumapili mbili na uzi mwekundu. Aliponiletea, kimefungwa katika gazeti la zamani, mvua ilikuwa inaanza na yeye alikuwa anawahi shambani. Alisema tu: "Njo hii. Yeye ataelewa." Akaenda.

Sikukifungua. Nilingoja kamati.

Kamati ilikaa chumbani kwangu siku ya Alhamisi. Mama Jokébed, rais wetu, mke wa mfanyabiashara, mwanamke anayesoma kila kitu kwa sauti hata chapa ya sabuni, alipitia viraka kimoja kimoja. Wanawake wa Kyavinyonge walileta tilapia wa kitambaa cha bluu, jicho moja kubwa kuliko kichwa. Wa Oicha walileta tunda la kakao. Wa Lubero walileta kabichi iliyofanana na ua. Tulicheka sana. Kisha akafungua gazeti la Simone. Juu ya mfuko, kwa herufi kubwa nyekundu, yalikuwa maneno mawili: TUDI BENYI.

"Tudi," akasoma. "Tudi ni nini?"

"Labda balitaka andika Beni," akasema mmoja. "Tuko Beni."

"Hapana. Hapa iko 'y'. Benyi." Mama Jokébed akavua miwani. "Na 'tudi' ni 'turudi'. Baliruka 'ru'. Turudi benyi."

Msomaji wa mbali ataona ni jambo dogo, lakini kwetu, katika Kiswahili chetu, mwenyi ni mwenye mali. Mwenyi nyumba, mwenyi shamba. Wakiwa wengi ni benyi. Na ukisema benyi peke yake, bila kuongeza kitu, watu husikia benyi inchi, wenye nchi. Watu walikuwa wanauawa kwa neno hilo kila upande: nani mwenye nchi na nani amekuja tu. Barabara ya Mambasa wakati huohuo ilikuwa inamwaga wakimbizi Beni kila siku, na kila mmoja wao alikuwa amefukuzwa na mtu aliyesema yeye ndiye mwenyi.

"Bakasai batano," akasema Mama Jokébed polepole, "banatuambia batarudi sawa benyi."

Wengine walitaka kiraka kitupwe. Mimi nilisema tungoje. Nilisema hivyo kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nimeshachemka, na sababu yangu haikuwa nchi.

Sababu yangu ilikuwa kiwanja. Wiki ileile Maliro alikuwa ameanza kusema kwamba mwana wetu Delphin amekua, anataka kujenga, na kipande cha bondeni kilitolewa kwa Mukendi, na Mukendi hayupo. Nilimkemea. Lakini niliposikia "benyi" nikasema ndani yangu: kumbe Simone amesikia. Kumbe anampelekea mume wake habari, mbele ya Kinshasa nzima, kwamba wao ndio wenye kiwanja, na ameifanya mikono yangu ishone ujumbe huo. Nikakumbuka jembe langu. Nikakumbuka chumvi, viberiti, dawa ya Élodie alipoumwa. Mtu akikasirika anakuwa na kumbukumbu nzuri sana ya wema wake mwenyewe.

Siku ya Ijumaa akaja Phinées, kijana wetu wa hapahapa aliyekuwa amepata kazi katika ofisi moja ya wale waliokuwa na bunduki. Hakuja kwa ubaya. Alikataa hata kiti, akaniita kwa jina langu mwenyewe.

"Mama Kanyere, nilisikia kuko kiraka moja. Ile kitambaa itapita kwa bureau Beni, batasoma yote. Mutoshe ile neno, muifumue, ao mutoshe kiraka muzima. Kama hapana, bale bamama bataitwa kule, na mimi sitaweza kubasaidia."

Akaondoka. Basi nilikuwa na sababu mbili sasa, moja safi na moja chafu, na zote mbili zilinielekeza kwenye wembe. Nilijiambia ninawaokoa wale wanawake. Nilijiambia ninaiokoa barua: mfuko ungebaki, na mfuko ndio Mukendi angeutambua. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini Simone alikuwa nyumbani siku hiyo. Nilimsikia akichekecha unga, hatua ishirini kutoka nilipokaa. Nilimsikia akikohoa. Ningeweza kuita bila hata kusimama: Mama Élodie, benyi ni nini kwenu? Sikuita. Nilikuwa na hasira ya kutaka kubaki na hasira.

TUDI sikuligusa, kwa kuwa halikuwa na maana kwangu. Nilifumua BENYI, na nikiwa nafumua niliona kitu ambacho mshonaji hawezi kukosa kuona: kila herufi ilikuwa na mkono wake. B ilishonwa na mtu mwenye kuvuta sana. E na mtu wa mkono wa kushoto. N ilikuwa ya mtu ambaye hajui kushona kabisa, sindano imerudi palepale mara tatu. Y ilikuwa safi. I ya mwisho ilikuwa ya Simone, sawa na zile za TUDI. Wanawake watano, herufi tano. Niliona, nikaendelea. Nyuzi nyekundu nikazitia katika kisanduku cha kiberiti, kwa mazoea, maana hatutupi uzi.

Jumapili Bulangeti ya Inchi ilitundikwa kanisani ili ibarikiwe, na baada ya misa ingepelekwa Beni. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Simone aliingia na wenzake wanne, wamevaa vitenge vyao vya zamani vya sherehe, wakapita katikati kwenda kutafuta kiraka chao. Nilikuwa upande wa kuume na nilimwona usoni. Alikiona kutoka mbali, akaanza kutabasamu, akakaribia, na tabasamu likabaki pale usoni kwa muda likiwa halina kazi tena. Mmoja wa wenzake akapeleka kidole mahali ambapo herufi yake ilikuwa, akakirudisha.

Nje ya kanisa alinijia.

"Ni nani alifumua?"

"Ni mimi."

"Juu ya nini, Mama Delphin?"

Nikamwambia. Nilianza na Phinées, nikaenda kwa Mama Jokébed, na kwa sababu alikuwa ananitazama tu, nikafika mpaka kwenye kiwanja. Nilisema hata hilo la kiwanja. Nilisema: "Muliandika muko benyi. Benyi ya nini, Mama Élodie? Ya kwetu?"

Hapo alielewa. Mmoja wa wenzake, yule wa mkono wa kushoto, alikaa chini kwenye ngazi.

"Benyi kwa Kiluba ni bageni," Simone akasema. "Mwenyi ni mugeni. Tudi benyi: tuko bageni."

Kwa Kinande mgeni ni omugheni. Kwa Kiswahili ni mugeni. Neno ni lilelile, limetembea tu, na huko Kasai limetembea mpaka likafika kwenye mlango wa neno letu la mwenye mali, likavaa nguo zake. Mtoto wa shule angeweza kunieleza, kama ningeuliza.

"Kwetu mugeni hapana guswa," aliendelea. Sauti yake haikupanda. "Mutu akipokea weye sawa mwenyi, maji yake ni maji yako, na mwenye kukupiga amemupiga yeye. Nilitaka Mukendi alale usingizi. Nilimuandikia: usiogope, tuko bageni ya batu, tuko mikononi. Ilikuwa kusifu nyiye."

Akageuka kutazama mlango wa kanisa.

"Sasa atasoma nini? Tudi. Tuko. Ni mutu mwenye kufungua kinywa, banamufunika. Tuko nini? Tuko bazima? Tuko bafu?"

Gari la kamati lilikuwa limeshaondoka na Bulangeti ndani yake.

Jumatatu nilipanda lori la mbao kwenda Beni, na sindano, na kile kisanduku cha kiberiti. Maliro aliniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Nilimwambia afadhali wazimu. Nilifika uwanja wa ndege mchana. Blanketi lilikuwa limeshakaguliwa, limeshonewa ndani ya gunia, limepigwa muhuri, na mbele yake alikaa ofisa mmoja aliyeitwa Hénock, mtu aliyeletwa kutoka jimbo lingine, mpole, amechoka.

"Mama, gunia ikishapigwa cachet, hapana fungua tena."

"Ni neno moja tu, chef. Herufi tano. Nitashona hapa chini, mbele yako."

"Neno gani?"

"Benyi."

Akanyanyua macho. "Benyi inchi?"

Hata yeye. Nikamweleza habari ya Kiluba, ya mgeni, ya mwalimu aliyekwama. Alisikiliza yote, lazima nimpe haki yake. Kisha akasema kwa upole kwamba kama ni mgeni tulitakiwa kuandika mgeni, na kwamba yeye ana watoto wanne. Ndege iliondoka saa nane. Nilirudi Butembo na uzi wangu.

Simone hakunigombeza, si siku hiyo wala baadaye. Ingekuwa afadhali. Alinisalimia kila asubuhi kwa Kinande chake kizuri, aliniuliza habari za Maliro. Chumvi tuliazimana. Ila aliacha kuingia. Alikuja mpaka mlangoni, akasimama, akabisha hodi, akangoja nimwambie karibu. Nikisema karibu aliingia, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha, na sufuria zangu hakuzifunua tena. Fufu yangu hakuicheka tena. Miezi minane mlango wangu ulikuwa wazi kama zamani, na miezi minane alibisha hodi. Nilitamani anitukane. Siku nyingine nilijificha nyuma ya nyumba nisiisikie ile hodi yake.

Mukendi alirudi mwezi wa kumi, serikali ya pamoja ilipokuwa imeundwa na ndege zikaanza kutua Beni kama zamani. Alipita kwangu kwanza kwa sababu nyumba yangu iko juu, njiani. Nilimwona mtu mwenye nywele nyeupe amesimama ananitazama, na sikumtambua mpaka alipotabasamu.

"Bako?" akauliza. Hakusalimu. "Mama Delphin, bako?"

"Bako wote wawili. Élodie amekuwa murefu kukupita."

Akashika nguzo ya mlango, akakaa chini palepale kwenye vumbi, na koti lake la Kinshasa. Nilimletea maji. Simone alikuwa shambani. Nilimtuma Delphin mbio. Na katika kungoja, Mukendi akanisimulia, bila kujua anamsimulia nani.

Alikuwa ameenda kuliona blanketi, sawasawa na Simone alivyosema. Aliuona mfuko wa chaki na uzi wake wa bluu akiwa mbali, akalia mbele za watu. Akasoma TUDI. Akalisoma mara nyingi, akafurahi: tuko. Kisha akagusa kitambaa, kwa kuwa hakutosheka na kutazama. Tergali haisahau sindano. Ukifumua, matundu yanabaki. Akayafuata kwa kidole, moja baada ya jingine, mpaka akazisoma herufi zote tano.

"Nikaelewa," akasema. "Nikasema: baliandika ni bageni, na kuko mutu alikataa. Alifumua hata ugeni yao. Mwenye kunyimwa hata kuwa mugeni, kinabaki nini? Ni kufukuzwa, ao kuuawa. Toka siku ile sikulala. Nilizunguka ofisi zote mpaka nikapata nafasi ya ndege. Nilikuja kubatosha hapa, kubapeleka Kinshasa, kama bangalikuwa bazima."

Nilikuwa na kikombe chake mkononi. Nilikiweka chini, nikamwambia ni mimi. Alinitazama, akafungua kinywa, na hapo Simone akatokea kwenye njia, jembe begani, naye Mukendi akaniacha na kikombe changu.

Wakakaa siku tisa tu. Mukendi alikuwa amepata shule Kinshasa. Alikuja kuchukua, hakuja kubaki. Kipande cha bondeni alikirudisha kwa Maliro mbele ya majirani, bila mtu kumwomba, na Maliro alishukuru akitazama miguu yake. Wanawake wanne waliobaki walikuja kuimba, na mara hii madirisha yalikuwa wazi.

Asubuhi ya safari nilizishuka zile hatua ishirini. Simone alikuwa anafunga sufuria zake kwa kamba. Nilikuwa na kisanduku cha kiberiti mfukoni na nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri, lakini yaliyotoka ni haya:

"Bakia, Mama Élodie. Weye hapana mugeni hapa. Weye ni wa kwetu."

Alimaliza kwanza fundo lake.

"Kama ningekuwa wa kwenu," akasema, "ungeniuliza mbele ya kushika wembe."

Hakusema kwa ubaya. Akanyanyuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo kama inavyotakiwa. "Wasingya," akasema, kwa Kinande safi, kama mgeni anavyoshukuru nyumba iliyomlaza, kisha akatoka mbele yangu na kumwita Élodie alete godoro.